Gome la Omoiri

Kisii mjini,
11 Machi 2024

Kwa Mwalimu Thadeus Obwocha,
Riamogire, Ikonge.

Mwalimu, shikamoo.

Hunijui. Naitwa Janat Shariff, nimezaliwa na kulelewa hapa Kisii mjini, ambapo baba yangu ana duka la vitambaa. Nafanya kazi katika mradi mdogo unaoorodhesha miti ya asili ya milima hii: majina yake, matunda yake, na jinsi watu wanavyoitumia. Lavender, uliyemfundisha zamani na ambaye sasa tunakaa ofisi moja, ndiye aliyenipa anwani yako. Aliniambia, "Kule kwetu, ukitaka ukweli juu ya mti wowote, muulize Mwalimu Obwocha. Lakini usimpigie simu, masikio yake yamekwisha. Mwandikie. Na uandike Kiswahili cha kueleweka, la sivyo atakurudishia barua ina wino mwekundu."

Lavender anasema kwenye ukingo wa kijiji chenu kuna mti mmoja mkubwa unaozaa matunda yake madogo meusimeusi, na kwamba ni mkongwe kuliko kanisa. Vitabu vyetu vinauita mwiri. Tunataka kujua nyinyi mnauitaje. Nimeweka fomu ndani ya bahasha. Tafadhali ijaze, uniwekee kijitawi chenye majani, matunda machache, na kipande cha gome kilichoanguka chenyewe. Usiukate mti kwa ajili yetu.

Lavender anakusalimu. Anasema bado anaikumbuka fimbo yako.

Wako mtiifu,
Janat Shariff

*

Riamogire,
28 Machi 2024

Bi. Janat,

Marahaba. Ni miaka mingi sijaamkiwa kwa neno hilo. Huku kwetu tunasalimiana kwa lugha yetu, na Kiswahili tunakiacha shuleni pamoja na madawati. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ina kosa moja: uliposema "unaozaa matunda yake madogo", hilo neno "yake" halina kazi pale. Mengine ni safi, na nilifurahi.

Fomu nimeijaza. Jina la mti huo kwa Ekegusii ni omoiri. Jirani zetu Wakipsigis, ambao mpaka wao hauko mbali nasi, wanauita tendwet. Nilipokuwa chuo cha ualimu nilikaa chumba kimoja na mtu wa Nyeri aliyeuita muiri, nikamwambia ametuibia jina, naye akasema sisi ndio tuliowaibia.

Ukitaka kuutambua, tazama kikonyo cha jani. Ni chekundu kidogo, kama ukucha wa mtoto. Lifikiche jani, unuse. Lina harufu ya uchungu ambayo haifanani na ya mti mwingine. Matunda hayazidi ukubwa wa harage, mapana kuliko marefu. Yanaanza yakiwa ya kijani, yanakuwa mekundu, na mwisho yana rangi ya zambarau. Ndege huyapenda. Binadamu akionja hutema.

Matumizi: kuni, na mpini wa jembe. Zamani watu walichonga hata mikokoteni. Pale mlipouliza kuhusu dawa nimeandika "hakuna". Gome lake halichunwi na mtu yeyote hapa.

Mti wenyewe uko katika shamba ambalo halina mtu sasa, ng'ambo ya kituo cha kupimia majani chai. Kipande cha gome nilikiokota chini.

Mwambie Lavender fimbo ilivunjika, nami nilistaafu mwaka uliofuata.

Wako,
Thadeus Obwocha

*

Kisii mjini,
20 Aprili 2024

Mwalimu, shikamoo.

Bahasha ilifika salama. Matunda nimeyapeleka kwa wanaootesha miche siku hiyohiyo, kwa sababu mbegu za mti huu hazikai. Wiki chache tu zikipita, zimekufa.

Nina maswali mawili, na naomba usiyaone kama utovu wa adabu.

La kwanza ni juu ya gome. Kipande ulichonitumia kina ukingo mmoja ulionyooka kabisa, na juu yake pamefunikwa na gome jipya, kama kidonda kilichopona. Mkuu wangu wa kazi, ambaye amezunguka misitu mingi, alikigeuza mkononi akasema, "Huyu aliyekata anajua kazi. Amechukua utepe mdogo, akauacha mti upone." Wewe umeandika kwamba gome halichunwi. Labda zamani kulikuwa na mtu?

La pili. Kwenye fomu, mstari wa "jina lingine", uliandika kitu ukakifuta. Nilipoiinua fomu dirishani nikasoma "mti wa Persis". Kama kuna watu wanaouita hivyo, hilo nalo ni jina, na kazi yetu ni kukusanya majina yote. Persis ni nani?

Nisamehe kwa udadisi. Baba husema nitaolewa na alama ya kuuliza.

Janat

*

Riamogire,
9 Mei 2024

Bi. Janat,

Nilichokifuta nilikifuta kwa sababu si jina la mti. Ni mazungumzo ya watoto wanaopita kwenda shule. Watoto huita kitu chochote jina lolote, na sisi watu wazima hatulazimiki kuliandika.

Persis Nyaboke alikuwa mjane mwenye shamba hilo. Alifariki mwaka wa 2022. Binti yake aliondoka hapa, nasikia yuko huko Kisii. Sina zaidi.

Gome hilo liligugunwa na ng'ombe. Ng'ombe wakikosa chumvi hufanya hivyo.

Nakuomba katika kitabu chenu muandike omoiri na tendwet, basi. Hali yangu ya afya si nzuri, na kuandika kunanichosha. Nakutakia kazi njema.

T. Obwocha

*

Kisii mjini,
17 Juni 2024

Mwalimu,

Sikutaka kukuandikia tena baada ya barua yako ya mwisho. Lakini kuna mtu aliyeniomba, na sikuweza kumnyima.

Nilimwonyesha Lavender jina lile. Alifunga mlango wa ofisi, akaniambia Persis hakufariki tu. Alichomwa moto mchana mbele ya nyumba yake, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, kwa sababu walisema ni mchawi. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Kwetu hatulizungumzi. Hata kwa simu."

Kisha akaniambia kwamba binti ya Persis anauza ndizi Daraja Mbili. Nilipomtajia mama yangu jina hilo alishtuka, kwa sababu ndizi tunazokula nyumbani amekuwa akizinunua kwake kwa miaka miwili sasa, na hajawahi kumsikia akitaja habari za mama yake. Anaitwa Loice Kemunto. Nilimwendea nikiwa na kile kipande cha gome. Alikishika, akakinusa, akakaa chini juu ya gunia. Alipoanza kusimulia alitaja "baba" mara nyingi, nikadhani anamlilia baba yake, mpaka akanieleza kwamba katika Ekegusii baba ni mama.

Barua yake nimeiweka pamoja na yangu. Ameiandika mwenyewe. Mimi nimeipiga stempu tu.

Sikuhukumu, Mwalimu. Lakini ng'ombe hakati kwa kisu.

Janat

*

Daraja Mbili, Kisii,
16 Juni 2024

Mwalimu Obwocha,

Mimi ni Loice wa Persis. Ulinifundisha darasa la sita. Kiswahili changu si kizuri, lakini soma hivyo hivyo, usisahihishe.

Siku ile mimi sikuwa nyumbani. Nilikuwa nimepeleka ndizi Keroka. Nilirudi saa kumi na moja nikakuta polisi, na majivu, na watu wamesimama mbali. Mama alikuwa amefunikwa na majani ya mgomba. Mtu mmoja aliniambia nisiangalie. Nikaangalia. Ilibidi mtu wake aangalie.

Polisi waliuliza kijiji kizima. Kila mtu alisema, "Sikuwa hapo." Mwingine alikuwa anachuma majani chai, mwingine alikuwa amelala na homa. Wewe ulisema ulikuwa kanisani unahesabu vitabu vya nyimbo. Siku ya Alhamisi. Nilijua ni uongo lakini nilinyamaza, wewe ni mwalimu wangu.

Walishikwa vijana watatu, wakatolewa kwa dhamana. Wanatembea hapo sokoni Ikonge. Kesi inaahirishwa kila mara kwa sababu hakuna shahidi. Mwendesha mashtaka ameniambia ikifika mwisho wa mwaka hivi, itatupwa.

Polisi walichukua chungu kilichokuwa jikoni. Ndani kulikuwa na maji mekundu. Watu walisema ni damu ya mtu. Mimi nilisema ni gome la omoiri, limechemshwa. Wakaniuliza, la nini? Nikasema ni dawa ya wazee ambao mkojo umewafunga. Wakaniuliza, ya mzee gani? Hapo nikakosa.

Kwa sababu mama hakuniambia. Alisema tu, "Kuna mtu mkubwa wa kijiji hiki ninamtibu huu mwaka wa tatu. Anapita shambani nyuma ya migomba. Ameniapisha. Usiniulize jina." Hakunitajia.

Mwalimu, wewe unawajua wazee wote wa Riamogire. Huyo mtu unamjua? Akitokea aseme mahakamani kwamba ile ilikuwa dawa yake, mama yangu hataandikwa mchawi. Na kama alikuwa karibu siku hiyo, ataje aliowaona. Sina kitu kingine ninachotaka kwako. Muulize tu huyo mtu.

Loice Kemunto

*

Kisii mjini,
12 Agosti 2024

Mwalimu, shikamoo.

Ni wiki nane. Nilipiga simu posta ya Ikonge, wakasema barua zako ulizichukua. Loice alikuwa akiniuliza kila nikienda sokoni, na sasa ameacha kuuliza. Ananitazama tu, kisha anapima ndizi za mtu mwingine.

Kama hutaki kuandika, nirudishie barua yake. Hana nakala.

Janat

*

Riamogire,
22 Septemba 2024

Loice, mwanangu,

Huyo mtu ni mimi.

Nimeanza barua hii mara tano na kila mara nilitafuta mahali pengine pa kuanzia. Hakuna.

Ugonjwa wangu ulianza mwaka wa 2019. Mkojo ulikuwa haupiti, na ukipita hauishi. Nilianza kunuka, nami ni mzee wa kanisa, ninasimama mbele ya watu kila Sabato. Daktari alitaja upasuaji, nikaogopa. Mama yako aliniona siku moja nimesimama nyuma ya kituo cha majani chai, nimeshika ukuta, nalia. Hakuuliza. Alisema, "Mwalimu, upite kwangu kesho watu wakiwa wamepeleka majani." Nikapita. Alikuwa akitoa gome upande mmoja wa mti, kipande cha upana wa kiganja, akipaka kidonda cha mti kinyesi cha ng'ombe, kisha haugusi tena upande huo kwa miaka. Nilikunywa na nikapata nafuu. Nililala usingizi. Nilimwapisha asiseme kwa mtu, hata kwako. Nilimwapisha kwa Biblia, mimi niliyekuwa nikihubiri watu wasiende kwa waganga.

Sasa nitakuambia habari za Alhamisi ile.

Binti ya Nyasani alikuwa amezikwa Jumanne. Aliugua homa siku tatu akafa, mtoto wa kidato cha pili, na kijiji kilikuwa kimechanganyikiwa. Mtu akasema mtoto huyo alipita kwa Persis akaomba maji ya kunywa. Ilitosha. Saa tisa mchana nilikuwa ninakwenda kwa mama yako kuchukua dawa yangu. Nilipita nyuma ya migomba kama kawaida, na nilipotokea uani nikakuta watu kama arobaini.

Walikuwa wamemtoa nje. Amekaa chini, kitambaa kimemtoka kichwani. Mokua, mtoto wa marehemu ndugu yangu, niliyemsomesha mimi, alikuwa ameshika mtungi wa petroli ya pikipiki. Pamoja naye walikuwa Evans wa Ombati na Jared wa fundi seremala. Nyasani alikuwepo, analia, hakumgusa. Kile chungu kilikuwa kimeletwa nje, kimewekwa katikati. Waliponiona walinipisha njia. Wengine walifurahi, Loice. Nilisikia mtu akisema, "Afadhali Mwalimu amekuja."

Mokua, ambaye huniita tata kama baba yake mzazi, aliniambia, "Tata, wewe umesoma. Angalia hii. Ni dawa, au ni uchawi?"

Masikio yangu wakati ule yalikuwa bado yanasikia. Nilisikia vizuri.

Nilikiangalia chungu. Ilikuwa dawa yangu ya wiki hiyo. Nilikuwa na chupa tupu mfukoni mwa koti, nimekuja kuijaza. Kama ningesema, "Ni yangu, ninakunywa kwa sababu siwezi kukojoa," nadhani wangecheka. Nadhani wangecheka na kwenda zao. Sina hakika, lakini kwa miaka miwili na nusu hilo ndilo ninalowaza.

Nilisema, "Mimi sijui mambo hayo."

Mama yako alikuwa ananitazama. Sikuona hasira. Alikuwa anangoja, kama mtu anayemngoja mtoto amalize kusoma sentensi. Walimuuliza yeye, "Dawa hii ni ya nani? Taja mgonjwa wako basi." Angeweza kutaja. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Akasema, "Nimeapa." Basi. Walidhani ni kiapo cha wachawi, wakapiga kelele.

Niliondoka. Nilipita njia ya mbele. Sikukimbia. Nilipofika kwenye kituo cha majani nilisikia, na sitakuandikia nilichosikia. Nilikwenda kanisani nikahesabu vitabu vya nyimbo, ili polisi wakiniuliza nisiwe nimedanganya kabisa. Vilikuwa sitini na viwili.

Tangu hapo sijanywa dawa hiyo. Sasa nina mpira wa mkojo na mfuko, niliwekewa hospitalini, na nimeambiwa ugonjwa umeenda kwenye mifupa. Sikuambii ili unihurumie.

Watoto wanaouita mti wa Persis wana haki. Nililifuta jina kwa sababu niliona mkono wangu umeliandika kabla sijaamua.

Thadeus Obwocha

*

Daraja Mbili, Kisii,
1 Oktoba 2024

Mwalimu,

Nimesoma. Nilifunga kibanda siku mbili.

Usiniandikie mimi. Mimi si hakimu. Chukua maneno hayo hayo upeleke kwa mwendesha mashtaka. Kesi ni tarehe 14 Novemba. Ukifa kabla ya hapo utakuwa umenidanganya mara ya pili.

Loice

*

Riamogire,
3 Februari 2025

Bi. Janat,

Najua Loice amekusimulia ya mahakamani, lakini umenitendea haki kwa kunisumbua, na ni haki yako usikie kutoka kwangu pia.

Nilitoa ushahidi mahakamani kwa saa mbili, nimeketi kiti cha plastiki kwa ruhusa ya jaji. Mfuko wangu wa mkojo ulikuwa umefungwa mguuni, ndani ya suruali. Karani alikuwa akiniandikia maswali kwa karatasi, kwa sababu sisikii. Nilitaja majina matatu. Mokua alikuwa ameketi kizimbani amevaa sweta niliyomnunulia alipomaliza kidato cha nne. Alinitazama mwanzo hadi mwisho.

Wakili wao aliniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikasema ni kwa sababu ya aibu. Akaandika swali jingine: "Aibu ya nini?" Nikasema, ya kutoweza kukojoa. Niliona mabega ya watu yakitikisika, nikajua wanacheka. Kwa hiyo nilikuwa nimekadiria sawasawa. Wangecheka tu.

Kesi imeahirishwa hadi Mei.

Nyumbani sasa niko peke yangu. Mke wangu Nyanchera amekwenda kwa kijana wetu Duke, Nakuru. Hakunigombeza. Alisema tu hawezi kuchota maji kisima kimoja na mama yake Mokua. Kanisani wameniondolea uzee, na wamefanya vizuri. Chakula ninaletewa na jirani mmoja anayekiacha mlangoni na kuondoka.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni juu ya mti, kwa kuwa ndio uliotukutanisha.

Nilipokuwa ninajieleza mahakamani nilisema wazi kwamba gome la omoiri lilinisaidia miaka mitatu. Nilidhani ninalisafisha jina la Persis. Sikujua kwamba kila mzee aliyekaa kwenye mabenchi yale alikuwa na shida yangu na alikuwa ameificha kama mimi. Haikupita wiki. Walikuja na mapanga, walikuja na ngazi. Kuna waliotoka Keroka na gari. Walianza na vipande, kisha wakauchuna mti mzima, wakazunguka shina lote kutoka kwenye mizizi hadi pale ngazi inapofika. Umesimama mweupe kama mfupa. Majani yameanza kukauka upande wa juu. Mti ukichunwa kuzunguka shina lote haupati chakula. Hilo nililifundisha darasa la saba.

Nilijikokota hadi pale nikawaambia waache. Mmoja alinijibu nami nikasoma midomo yake: "Wewe ulikunywa yako." Kati yao niliwaona watu wasiopungua wanane waliokuwa uani siku ile. Nyasani alikuwepo na gunia.

Matunda ya mwaka huu yameiva kabla ya wakati wake na yameanguka yote. Nilikuokotea machache lakini sikuweza kufika posta, na sasa yameoza. Nasikitika.

Usinijibu kama una kazi nyingi.

Thadeus Obwocha

*

Daraja Mbili, Kisii,
27 Aprili 2025

Mwalimu,

Janat ameniambia umelazwa na kwamba unaweza kusoma bado. Nitaandika kifupi.

Siku ya mahakama nilikuwa nyuma, karibu na mlango. Ulipotoka ukatafuta watu kwa macho, nilijua unanitafuta. Nilisimama nyuma ya nguzo mpaka ukapanda pikipiki. Sikutaka unisalimie mbele ya watu. Na sikuandikii barua hii kukusamehe. Nilijaribu, haikuja. Ikija nitakuambia, kama utakuwepo.

Nilikwenda nyumbani mwezi wa tatu, mara ya kwanza tangu kumzika mama. Mti niliuona. Sikulia. Nilimlipa mtu wa msumeno auangushe, usije ukaangukia watoto wa shule.

Sasa kuna jambo limetokea na sina mtu mwingine wa kumwambia. Janat ni mtoto mzuri lakini hawezi kuelewa, si wa kule kwetu.

Wiki mbili zilizopita mke wa Nyasani alikuja kibandani kwangu. Nilimjua kwa mbali. Alinunua ndizi, akalipa, akabaki amesimama. Nikamuuliza, "Unataka nini kingine?"

Akasema, "Mzee wangu amefungwa mkojo siku nne. Gome tunalo, gunia zima. Tumechemsha, amekunywa, ametapika damu. Hatujui kipimo. Wewe mama yako alikuonyesha."

Alisema hivyo, Mwalimu. Mama yako alikuonyesha. Kana kwamba mama yuko shambani anapalilia.

Nilimwangalia yule mama. Mtoto wake alikufa, hilo ni kweli, na hakuna aliyemwambia ni homa ya nini. Nikamwambia, "Msimpe tena hata tone. Mpeleke hospitali leo, wamwekee mpira. Akipona damu, mje." Kipimo ninakijua. Mama alinionyesha nikiwa na miaka kumi na mbili. Sikumficha kwa ubaya. Mtu anayetapika damu hapewi kitu, mama angesema hivyo hivyo.

Alinishukuru. Kisha akaniuliza kama anaweza kupitia nyuma, kwenye mtaro wa maji taka, kwa sababu mbele kuna watu wa Ikonge wanaouza viazi, hataki wamwone akitoka kwangu. Nikamfungulia pazia. Akatoka.



Nyasani alipelekwa hospitali. Alikufa Ijumaa iliyopita. Wamemzika jana. Nasikia kuna wanaosema mke wake alionekana sokoni, kwenye kibanda cha binti ya Persis, siku chache kabla.

Leo asubuhi amekuja kijana simjui, amevaa koti la kazi ya pikipiki. Hakununua kitu. Alisubiri wateja waondoke, akaniuliza, "Samahani, wewe ni binti ya yule mwanamke wa Riamogire, wa dawa za miti?"

Labda alikuwa na baba mgonjwa. Labda hakuwa na mgonjwa. Sikuweza kujua kwa kumtazama.

Nilimwambia amepotea. Nilimwambia mimi ni mtu wa Keroka, na mama yangu yuko hai, anauza mboga.

Loice Kemunto